Glavu hazichukui nafasi ya kunawa mikono

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja hapa Dodoma. Usiku tunakuwa wawili tu, sinki iko mwisho wa korido, na kuna siku bomba halitoi maji. Isitoshe, kipupwe hiki mikono yangu imepasuka hadi inatoa damu. Kwa hiyo huvaa glavu na kuhama nazo kitanda hadi kitanda. Je, ninakosea?

JIBU: Ndugu muuguzi, pole kwa zamu nzito, na asante kwa kusema wazi jambo ambalo wengi hulificha. Ndiyo, hapo unakosea, na anayeumia ni mzazi wa kitanda kinachofuata pamoja na mwanawe. Glavu inakulinda wewe. Vijidudu ilivyovizoa kwenye pedi ya mzazi wa kwanza inavifikisha kwenye kanula (mrija mdogo unaoingia mshipani) ya wa pili, au kwenye kitovu cha kichanga. Jozi moja ni ya mgonjwa mmoja, na ukishaivua bado unapaswa kusafisha mikono, kwa sababu glavu huweza kuwa na vitundu visivyoonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuivua.

Somo hili lilipatikana katika wodi kama yako. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana.

Kuhusu muda, malalamiko yako ni ya haki: kunawa vizuri kwa sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, bila kuhesabu mwendo wa korido. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, lilipendekeza kitakasa mikono chenye alkoholi pale ambapo mikono haina uchafu unaoonekana, nacho huchukua sekunde 20 hadi 30 ukiwa palepale kitandani. Jaza kiganja, sugua mikono yote, usiruke vidole gumba na ncha za vidole, kisha acha ikauke yenyewe. Ikipata damu au kinyesi, ni sabuni na maji tu. Zaidi ya yote, takasa kabla ya kumgusa mgonjwa. Wengi hukumbuka baada ya kumgusa, kwa kuwa hapo hujihofia wao wenyewe.

Ngozi yako nayo ina dawa. Kitakasa chenye gliserini hukausha mikono kidogo kuliko sabuni, ingawa kwenye mpasuko kitakuwasha. Usinawe kwa sabuni na papo hapo ukapaka kitakasa, na mwisho wa zamu jipake losheni. Mikono inayotoa damu mwoneshe msimamizi wako, maana nyufa hizo huhifadhi vijidudu.

Na ukienda kwake, mwombe chupa ya kitakasa kwa kila kitanda, au walau moja kwenye troli. Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni ya kukitengeneza kwa ethanoli (ndiyo alkoholi yenyewe), gliserini na haidrojeni peroksaidi, ambayo famasi ya hospitali inaweza kuifuata, hata siku ambazo bomba la wodini ni kavu.