Jibu: scruple ni kijiwe ndani ya kiatu
Mkuu umeuliza hiyo scruple ya Kizungu maana yake nini na imetokea wapi. Ni ile unataka kufanya jambo halafu roho inasita, unajiuliza hivi hii ni halali kweli? Asili yake Kilatini, scrupulus, kijiwe chenye ncha, yani fikiria umevaa makubazi unakatiza Ngamiani hapa Tanga kokoto likaingia, halikuui ila huna raha mpaka usimame ulitoe. Cicero mwenyewe, yule mwandishi wa Roma ya kale, alishalitumia kwa kitu kinachokera moyoni. Warumi pia walikuwa na kipimo cha uzito cha jina hilohilo, sehemu 1 ya 24 ya aunsi, kama gramu 1 na ushee tu.

Sasa kwa Kiswahili, wengi watakwambia wasiwasi, nalo ni la Kiarabu, waswas, mnong'ono, waliosoma chuoni, yani madrasa, wanalikumbuka kwenye Suratun Nas ya Kurani. Mi silitaki hapo, siku hizi limebaki la woga tu, hata daladala ikichelewa mtu ana wasiwasi. Ningeandika dhamiri inamsuta, au kama bibi zetu huku, nafsi yamsuta.