Muda wa kulalamikia ubaguzi kazini: jimbo limeongeza, serikali kuu haijaongeza

SWALI: Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee jimboni Illinois, nchini Marekani. Tarehe 3 Septemba 2025 nilipata barua pepe ikinieleza kwamba nafasi ya usimamizi wa zamu niliyoiomba amepewa mwingine, ambaye angeanza tarehe 1 Oktoba. Meneja alisema lafudhi yangu ingewasumbua jamaa za wazee. Nimelalamika kwa ofisi ya rasilimali watu, nami ninaambiwa nisubiri uchunguzi. Mwenzangu anadai kwamba sheria imebadilika na sasa nina miaka miwili, hivyo sina sababu ya kuharakisha. Je, ni kweli?

JIBU: Mwenzako amesema kweli, lakini hakuimaliza. Tangu tarehe 1 Januari 2025, mtu anayewasilisha malalamiko ya ubaguzi kazini kwa Idara ya Haki za Binadamu ya Illinois ana miaka miwili, badala ya siku 300 za awali. Hata hivyo, badiliko hilo ni la sheria ya jimbo peke yake. Sheria ya serikali kuu, yaani ile ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inayosimamiwa na EEOC, tume ya serikali kuu ya usawa wa nafasi za ajira, haikuguswa, na kwa mfanyakazi wa Illinois muda wake umebaki siku 300.

Siku hizo ni za kalenda, zikiwamo Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na huhesabiwa tangu ulipoarifiwa uamuzi, si tangu aliyepewa nafasi hiyo alipoanza kazi. Kwa hiyo kwako mlango wa serikali kuu unafungwa tarehe 30 Juni 2026, ilhali ule wa jimbo unabaki wazi hadi Septemba 2027. Anayeichelewa tarehe ya kwanza kwa kutegemea ya pili anabaki na sheria moja mkononi badala ya mbili, na sioni kwa nini mtu aliyekwisha kudhulumiwa ajipunguzie haki kwa hiari yake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni huko kusubiri. Kulalamika ndani ya kampuni ni jambo jema, na barua ulizoandikiana na ofisi hiyo ni ushahidi wa kutunzwa, lakini uchunguzi wa mwajiri hausimamishi hesabu ya siku, hata kama umeahidiwa jibu kila wiki. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1976 kwamba hata utaratibu wa malalamiko uliowekwa katika mkataba wa chama cha wafanyakazi hausimamishi muda huo. Wapo wanaosubiri kwa adabu mpaka haki yao ikapitwa na wakati, na hilo linaniuma.

Kuhusu lafudhi, EEOC huihesabu kuwa sehemu ya asili ya mtu. Mwajiri anaweza kuitumia kama sababu pale tu inapozuia kwa kiasi kikubwa kazi husika kufanyika, na mapendeleo ya wateja si utetezi. Andika sasa, ungali ukikumbuka, maneno hasa ya meneja, siku aliyoyasema na nani aliyasikia. Kuwasilisha malalamiko hakuna ada wala hakuhitaji wakili, na unaweza kuomba malalamiko yaliyopokelewa na ofisi moja yasajiliwe pia kwa nyingine. Mwajiri akikuadhibu kwa kulalamika, hilo ni kosa jingine lenye hesabu yake ya siku.

SWALI: Mimi niko Texas. Je, nasi tumeongezewa muda?

JIBU: Kwa sehemu ndogo tu. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia kazini yana siku 300 mbele ya tume ya jimbo, na hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anaweza kulalamikiwa. Ubaguzi wa aina nyingine umebaki na siku 180 kwa jimbo, ambazo naziona chache mno kwa mtu aliyepoteza kazi na bado anatafuta pa kuanzia. New York ilifikisha miaka mitatu, ila kwa matukio ya tangu tarehe 15 Februari 2024 tu, na California ina miaka mitatu tangu mwaka 2020. Muda wa jimbo jirani haukusaidii: kinachoangaliwa kwa kawaida ni mahali unapofanyia kazi.