Jibu: Galileo alipokufa, kwa nini mrithi hakuwa mwanawe?

Mkuu, umeuliza kwa nini Coolmore, wale wazalishaji wa farasi wa mbio kule Ireland, hawakumweka tu mtoto wa dume lao Galileo kwenye nafasi ya baba yake alipokufa Julai 2021. Watoto wapo tele. Yule mkali kuliko wote, Frankel, alikimbia mara 14 bila kushindwa, ila huyo ni mali ya Juddmonte, wazalishaji wengine, yuko Uingereza.

Shida yenyewe ni majike. Galileo alipandisha pale Ireland karibu miaka 20, kwa hiyo zizi limejaa binti zake. Ukileta mwanawe, unapandisha kaka na dada. Mimi nilizembea hivyohivyo kwa beberu wangu, nikamwachia kijana wake kundi lote. Msimu wa pili vitoto vikatoka vidogo, kimoja taya limepinda hata kunyonya hakiwezi.

Na usifikirie mbegu za kugandisha. Kwa farasi wa mbio aina ya Thoroughbred uhimilishaji (kumtia jike mbegu bila dume kumpanda) umepigwa marufuku. Dume lazima ampande jike mwenyewe. Akifa, basi.

Ndiyo maana walitafuta damu ya nje mapema. Mwaka 2020, mzee bado hai, walimchukua dume Wootton Bassett kutoka Ufaransa. Kule Marekani walikuwa na dume Justify, aliyeshinda mbio tatu kubwa za huko (Triple Crown) mwaka 2018. Akampanda binti mmoja wa Galileo, akazaliwa City of Troy, mshindi wa Derby ya Epsom, mbio kubwa ya Uingereza, 2024.

Wootton Bassett naye kafa Septemba 2025, akiwa Australia. Msako umeanza upya.