Kiwanja cha taka, joto la bati na jembe lisilohesabiwa

Maswali ya mwezi huu yanahusu mazingira tunamoishi na afya ya akili. Tumechagua manne.

Habari za kazi, wataalamu. Mtaani kwetu Mbagala kuna kiwanja kimegeuka jalala. Kikundi chetu cha vijana kinataka kukisafisha na kupanda majani na miti. Mwenyekiti ameandika kwenye barua ya kuomba mchango kwamba kazi hiyo "itatibu msongo wa mawazo". Ina ushahidi, au ni maneno ya kuombea hela?
*Katibu wa kikundi, Dar es Salaam*

Ushahidi upo, ila neno "itatibu" lifutwe. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja vitupu 541 wakavigawa kwa kura mafungu matatu. Vya kwanza viliondolewa taka, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao na kutunzwa kila mwezi. Vya pili viliokotwa taka na kufyekwa tu. Vya tatu havikuguswa. Majirani walihojiwa kabla na baada. Matokeo yalitoka mwaka 2018: karibu na viwanja vilivyopandwa, waliosema wanajisikia huzuni walipungua kwa asilimia 41.5 wakilinganishwa na walioishi karibu na viwanja visivyoguswa. Kwenye mitaa ya watu maskini upungufu ulifika asilimia 68.7.

Sasa shika hili: kuokota taka peke yake hakukuleta tofauti ya kuonekana. Siku moja ya usafi yenye fulana na picha za simu haitoshi. Tena waliulizwa wanavyojisikia, hawakupimwa ugonjwa. Mwenyekiti aandike "inaweza kupunguza hali ya kujisikia huzuni", atakuwa salama.

Kwa kazi yenyewe, anzeni ofisi ya serikali ya mtaa mpate ridhaa ya mwenye kiwanja kwa maandishi, la sivyo ukoka utakaposhika atakuja na tofali zake. Halafu chimbeni. Jalala la miaka lina plastiki chini ya ardhi, na mkipanda juu yake mizizi haishiki na maji yanatuama. Toeni taka hadi kina cha sentimita 30, rudishieni udongo, na muipe ardhi mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mtaroni. Bila mteremko mtakuwa mmefuga mbu. Ukoka upandwe kwa vipande, sentimita 20 kati ya kipande na kipande, mvua za masika zikishaanza kushika. Shimo la mti liwe sentimita 60 kila upande, na udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Miti minne au mitano inatosha, mita tatu kutoka ukuta wowote. Uzio wa mbao utaishia jikoni kwa watu, kwa hiyo pandeni michongoma na kuikata isizidi kiuno, watu waone ndani.

Philadelphia kiwanja kimoja kiligharimu takribani dola 1,600 kukitengeneza, kisha dola 180 kila mwaka kukitunza. Yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi irudi kila mwaka kwa maji, kufyeka na kuzoa. Barua nyingi za michango huisahau sehemu hiyo, na ndiyo maana miche hufa kiangazi cha kwanza.

Nimesoma kwamba saa mbili kwa wiki kwenye mazingira ya asili zinatosha kumpa mtu afya njema ya akili. Mimi nashinda shambani saa nane kwa siku. Mbona bado nachoka na kuwaza?
*Mkulima wa viazi, Njombe*

Jembe halikuhesabiwa, kaka. Utafiti huo wa mwaka 2019 ulitumia majibu ya watu 19,806 wa Uingereza kuhusu matembezi yao ya mapumziko katika siku saba zilizopita: bustani za umma, misitu, ufukwe. Hata bustani ya nyumbani kwa mtu iliachwa nje. Waliofikisha dakika 120 kwa wiki, kwa mkupuo au kwa vipande, walisema wana afya na hali njema zaidi kuliko wasiotoka kabisa. Lakini mwenye afya ndiye pia mwenye nguvu za kutoka, na uchunguzi wa aina ile hauwezi kutenganisha kipi kilitangulia. Wewe unayelima ukiwazia bei ya viazi na deni la mbolea hukuwa kwenye hesabu yao. Ikiwa mawazo na uchovu vimekaa zaidi ya wiki mbili, na usingizi au hamu ya chakula imepotea, nenda kituo cha afya.

Shikamoo daktari. Tumehamia chumba cha bati Mombasa. Usiku nageuka tu kitandani, asubuhi nawafokea watoto bila sababu. Mama yangu anatumia vidonge vya akili na joto linamsumbua zaidi. Tufanyeje?
*Mama wa watoto watatu*

Marahaba, dada. Mwili hulala vizuri joto lake la ndani linaposhuka. Watafiti waliowachunguza Wahadzabe wa Tanzania pamoja na jamii mbili za Namibia na Bolivia, mwaka 2015, waliona kwamba watu hao hawalali jua linapozama. Hulala kwa wastani zaidi ya saa tatu baadaye, wakati hewa inaendelea kupoa. Chumba cha bati kinawanyima kushuka huko. Utafiti mwingine, wa 2022, wa watu zaidi ya 47,000 waliovaa bangili za kupimia usingizi katika nchi 68, ulionyesha kwamba usiku ukizidi nyuzi 30 za joto, usingizi hupungua kwa wastani wa dakika 14 hivi. Ni kidogo kwa usiku mmoja, lakini zinarundikana, na hasira za asubuhi ni dalili mojawapo.

Paka bati rangi nyeupe kwa juu, na kwa ndani weka dari, hata ya makuti, ukiacha nafasi ya kiganja kati yake na bati. Madirisha mawili yaliyoelekeana yana faida kuliko moja kubwa. Feni iwekwe dirishani ivute hewa ya nje jua likishatua. Kutundika shuka mbichi hakusaidii sana Mombasa kwa sababu hewa imeshajaa unyevu. Oga maji ya kawaida saa moja kabla ya kulala. Ya barafu hubana mishipa ya ngozi na joto hubaki ndani.

Kuhusu mama: angalieni jina kwenye pakiti leo. Klopromazini (chlorpromazine) hupunguza kutoa jasho. Lithiamu (lithium) hupanda kwenye damu mwili ukikosa maji. Akianza kutetemeka, kutapika, kuharisha au kuyumba akitembea, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Msimkatishe dawa wenyewe.

Nilisambaza madodoso 30 kwenye mtaa wenye miti na 30 kwenye mtaa usio na miti. Wenye miti wana msongo mdogo. Msimamizi wangu amekataa kazi. Kwa nini?
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu*

Kwa sababu huna watu 60, una mitaa miwili. Wa mtaa mmoja wanashiriki kodi ya nyumba, kelele, maji na kipato. Miti huenda ni alama tu ya kodi kubwa. Tazama Philadelphia: viwanja vilikusanywa katika vikundi 110, na kura ikapigwa kwa vikundi. Tafuta mitaa 20 au zaidi, ilinganishe kwa kodi, chukua watu wachache kila mtaa.

Kisha dodoso. "Una msongo wa mawazo?" huleta jibu la "ndiyo" kwa kila mwenye deni. Tumia PHQ-9, dodoso la dalili za sonona ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili: maswali tisa ya wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 ndipo mtu anapelekwa kuchunguzwa. Lijaribu kwanza kwa watu kumi, ukiwaambia waeleze swali kwa maneno yao. Swali la kwanza ni la kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, na "hamu" peke yake wapo watakaoisikia kama hamu ya kula, ambayo ina swali lake la tano. Swali la tisa linauliza fikra za kujidhuru. Usiingie mtaani kabla hujajua, kwa jina na namba ya simu, mhudumu gani wa afya atampokea siku hiyohiyo atakayejibu ndiyo. Kamati ya maadili itakuuliza hilo kabla ya kufika kwenye miti.