Maswali yenu: telomerasi, seli shina na saratani

Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu wa kidato cha sita anasoma kitu kinaitwa telomea. Ndiyo nini? – Mama, Mpwapwa

Nzuri, mama. Kamba ya katani ya kufungia mbuzi usipoipiga fundo mwishoni, inafumuka. Kromosomu zetu 46, yaani nyuzi za DNA zilizo ndani ya seli, zina ncha 92, na fundo la kila ncha ni herufi za DNA, TTAGGG, zilizojirudia mara nyingi. Hiyo ndiyo telomea. Seli ikigawanyika, ncha inapungua. Ikiwa fupi mno, seli inaacha kugawanyika. Telomerasi ni kimeng'enya kinachoirudishia ncha urefu. Carol Greider, mwanafunzi wa mwanasayansi Elizabeth Blackburn, aliona dalili yake siku ya Krismasi ya 1984.

Kuna dada anapita ofisini akiuza vidonge vya "kurefusha telomea na kuamsha seli shina". Mama yangu amemaliza tiba ya saratani ya matiti. Nimnunulie? – Nkuhungu

Usimnunulie, ndugu yangu, nakusihi. Seli nyingi za mtu mzima zimeizima telomerasi. Seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine, za uloto (ute wa ndani ya mifupa), ngozi na utumbo zinabaki nayo kidogo, kiasi cha kuchelewesha ncha kufupika, si kuzuia kabisa. Saratani ndiyo inayoiwasha upya: hivyo ndivyo ilivyo kwa takriban asilimia 85 hadi 90 ya saratani za binadamu. Seli za saratani za Mmarekani Henrietta Lacks, zilizochukuliwa Baltimore mwaka 1951, zingali zinaongezeka maabara mpaka leo.

Telomerasi peke yake haizai saratani. Lazima jeni nyingine ziwe zimeharibika. Ila seli iliyokwisha kuharibika ikiipata, haina tena kikomo. Kwa hiyo kidonge hicho kingefanya kweli kinachonadiwa, ningemhofia mama zaidi. Hela hiyo iwe nauli yake ya kliniki.

Mtoto wangu ana selimundu, na tunafikiria kupandikizwa uloto pale Hospitali ya Benjamin Mkapa. Seli shina hazitamletea saratani? – Baba, Kondoa

Pole kwa kuuguza, baba. Seli hizo ni za mtoaji mwenye afya, na telomerasi yake ni ndogo, inadhibitiwa. Ulizia mambo haya: maambukizi, seli za mtoaji kuushambulia mwili wa mtoto, na dawa kali za maandalizi. Dawa hizo zinaweza kuathiri uzazi, na ndizo zinazoweza kuongeza kidogo uwezekano wa saratani baadaye. Mwambie daktari akueleze kila moja, hata kama foleni ni ndefu.

Kwa nini telomerasi isizimwe tu, wagonjwa wapone? – Mwanafunzi, UDOM

Inajaribiwa. Juni 2024 Marekani iliidhinisha imetelstat, dawa ya kuzuia telomerasi, kwa baadhi ya wagonjwa ambao uloto wao umeharibika na wanaishi kwa kuongezewa damu. Lakini inashusha chembe nyeupe na chembe sahani za damu. Tena, ukiizima leo, seli ya saratani bado ina akiba ya ncha, itagawanyika mara nyingi kabla haijaishiwa. Na saratani chache hazitumii telomerasi kabisa: zinanakili ncha ya kromosomu moja kurefushia nyingine.