Uliyekwama Seyda Neen: usiweke mshale, tafuta daftari

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Umesema umemaliza gemu la Skyrim, umesikia watu wakiisifu Morrowind ya mwaka 2002, gemu la zamani la mfululizo huohuo, umeianza, na sasa umekwama Seyda Neen, kijiji cha kuanzia, una matatizo matatu. Kaa wa ufukweni unampiga panga mara ishirini na panga linapita kama unapiga hewa. Hujui uende wapi kwa sababu hakuna mshale wa kukuonyesha njia kwenye skrini. Na kuna mtu amekushauri uweke modi, yaani nyongeza inayotengenezwa na wachezaji, ya kuonyesha mshale, la sivyo uachane na gemu lenyewe.

Usiweke modi, na usiache. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu mimi nililimaliza gemu hili bila mshale, bila intaneti, na kwa Kiingereza cha kidato cha nne.

Tuanze na kaa, maana hilo ni rahisi. Katika Skyrim panga likigusa, limegusa. Huku kila pigo ni kama kurusha dado. Gemu linachukua ujuzi wako wa silaha uliyoshika, linaongeza wepesi wako ukigawanywa kwa 5 na bahati yako ikigawanywa kwa 10, halafu linatazama umechoka kiasi gani. Kuna ujuzi wa aina 27: mitano mikuu inaanzia 30, mitano midogo inaanzia 15, na 17 iliyobaki inaanzia 5, ukiacha nyongeza za asili na fani ya mhusika wako. Sasa tuseme umeokota panga refu na hukulichagua ulipojiandikisha. Ujuzi 5, wepesi 40, bahati 40: jumla 17. Ule mstari wa kijani unaoonyesha pumzi zako ukiwa umeisha, jumla inazidishwa kwa 0.75. Unabaki na nafasi kama 13 katika mia, na hapo kaa bado hajapewa haki yake ya kukwepa. Mwenye ujuzi wa 40 na mstari wa kijani uliojaa anazidishiwa kwa 1.25, anapata 65. Kaa ni yuleyule, panga ni lilelile.

Mstari wa kijani ndio watu wengi wanaupuuza, na ninaamini ndio uliokuponza. Kukimbia kunaumaliza. Wewe unatoka mbio ofisini ulikojiandikisha hadi ufukweni, unafika huna pumzi, unaanza vita. Tembea. Ukimwona adui kwa mbali, simama upumzike kwanza. Na kile kisu cha chuma kilichoko mezani pale ofisini ni silaha fupi; kama hukuchagua silaha fupi, kiache au kiuze, ununue inayolingana na ujuzi wako kwa Arrille, kwenye duka lake palepale kijijini.

Sasa twende kwenye mshale, na hapa uniwie radhi, nitasema mengi.

Mwisho wa mwaka 2009 nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne, nikakaa Morogoro kwa mjomba wangu aliyekuwa na duka la steshenari. Mchana nilitoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Jioni akishafunga mahesabu aliniachia kompyuta, na ndani yake mteja mmoja alikuwa amesahau nakala ya Morrowind. Ilikuwa ile ya mwanzo kabisa, bila nyongeza zake rasmi za baadaye, Tribunal na Bloodmoon. Jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu kupanga kumbukumbu za kazi moja moja kulikuja na Tribunal, Novemba 2002. Katika ile ya mwanzo kumbukumbu zote ni mkanda mmoja mrefu, kuanzia siku uliyoshuka melini. Ukipewa kazi leo ukaiacha wiki mbili, kuitafuta tena ni kufunua kurasa mia. Na ile ramani ya karatasi iliyokuja kwenye boksi, mimi sikuwa nayo.

Kwa hiyo nilichukua daftari la mistari kutoka rafu ya mjomba, nikalipa shilingi zake, nikaanza kuandika. Ukurasa wa kushoto maneno niliyoambiwa, ukurasa wa kulia mchoro wa njia. Neno nisilolijua nililipigia mstari na kulitafuta kwenye kamusi kabla sijatoka kijijini.

Tazama gemu linavyokupokea. Unapewa bahasha umpelekee mtu anaitwa Caius Cosades, mji wa Balmora. Anakaa nyumba ipi? Hawakuambii. Wanakuambia ukifika Balmora uulizie kwenye kilabu kinachoitwa South Wall. Mkuu, hebu niambie, hivyo sivyo tunavyoelekezana sisi? Ukishuka stendi, muulize muuza maji, atakuonyesha kwa fundi viatu. Ukifika kwa fundi, sema unamtafuta mzee fulani. Tulikua hivyo kabla simu haijaanza kusema "pinda kulia". Mimi nilipofika pale kilabuni, nikauliza, nikaelekezwa nyumba, nikamkuta mzee kifua wazi ndani ya chumba kimoja, nilijisikia nimefika mahali kweli. Mshale ungenipitisha mbele ya kilabu bila kujua kipo.

Usafiri nao ni hivyohivyo. Wale wadudu wakubwa, silt strider, ni mabasi. Kila kimoja kina njia zake: cha Seyda Neen kinakwenda Balmora, Vivec, Suran na Gnisis, basi. Boti zina njia zake. Chama cha wachawi kina matawi matano yanayorushiana watu kwa papo: Balmora, Caldera, Ald'ruhn, Vivec, na Wolverine Hall pale Sadrith Mora. Siku ya kwanza niliyotakiwa kwenda Dagon Fel, kaskazini kabisa, nilitaka kwenda kwa miguu. Mjomba alikuwa amekaa pembeni anakunywa chai, akauliza, "Hakuna gari la moja kwa moja?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi unganisha. Mtu wa Moro akitaka kwenda mbali anaanzia Msamvu, anauliza." Nikaenda chama cha wachawi Balmora, nikarushwa Sadrith Mora, nikashuka bandarini, boti la Dagon Fel lilikuwepo. Toka siku hiyo mjomba akawa anakaa kila jioni. Kiingereza hakukijua sana, nilimtafsiria.

Sitakudanganya kwamba maelekezo yote ni mazuri. Caius atakutuma kwa Hasphat Antabolis, na Hasphat atakutuma kwenye magofu ya Arkngthand ukamletee kijisanduku cha mafumbo. Njia imeelezwa vizuri: toka Balmora, pita ngome ya Moonmoth, vuka daraja la kale juu ya korongo la Foyada Mamaea. Ukifika utakuta jiwe limeziba mlango. Tafuta bomba lenye mpini hapo nje, uuzungushe. Mpaka hapo sawa. Lakini kijisanduku chenyewe ni kidogo mno, kiko juu ya rafu, kwenye chumba chenye giza, katikati ya takataka za shaba zinazofanana nacho kwa rangi. Nilikitafuta jioni tatu. Hapo nalaumu waliotengeneza gemu, wala siwatetei. Ukizunguka saa nzima hujakiona, njoo uulize hapa, tutakuambia. Kutafuta mahali kunafundisha kitu. Kutafuta kipande cha shaba gizani ni kuumiza macho tu.

Ila kuna mahali pengine ambapo nakuomba sana usifuate mshale wowote. Wewe endelea mpaka utumwe kwa watu wa majivuni, Waurshilaku. Kutoka Maar Gan unafuata korongo la Foyada Bani-Dad mpaka baharini, halafu unageuka mashariki. Kambini utaelezwa habari za unabii, na baadaye sana utarudi upewe kitendawili cha mistari mitatu: jicho la sindano, ngozi ya lulu, na nyota iliyo ufunguo. Hicho kitendawili ndiyo ramani ya pango unalotakiwa kuingia. Hakuna kingine.

Ninayeandika ni mtoto wa Kiswahili, nimelala na vitendawili tangu utotoni, kwa hiyo kidogo nilifurahi. Nilizunguka kambini nikauliza watu, wawindaji wakanisaidia mistari ya mwanzo, nikaandika kila neno. Nikalipata bonde. Nikauona mlango. Nikaubonyeza, haufunguki. Ilikuwa mchana wa gemu, jua la utosi. Nikajaribu funguo zote nilizokuwa nazo, nikajaribu uchawi wa kufungulia makufuli, nikazunguka mlima mzima nikidhani kuna mlango wa pili. Kosa langu lilikuwa moja: nilikuwa na haraka, niliuliza mistari miwili nikaondoka kambini kabla sijaulizia wa tatu.

Nikamsomea mjomba kitendawili. Mjomba ni mtu wa Pangani, baba yake alikuwa mvuvi. Akauliza, "Hiyo nyota ya nani?" Nikafungua daftari, nikakuta nimeandika wiki nyingi nyuma kwamba ni nyota ya Azura, na kwamba Azura ni bibi wa alfajiri na magharibi. Mjomba akaweka kikombe chini. Akasema, "Nyota ya alfajiri na magharibi ni Zuhura. Mchana utaiona wapi? Ngoja jua lizame."

Nikabonyeza kupumzika, nikasogeza saa mpaka magharibi. Mlango ukafunguka.

Mkuu, sijui nikueleze vipi. Tulipiga kelele mpaka mlinzi wa duka la jirani akaja kugonga. Mtu ambaye hajawahi kushika mauzi kwa ajili ya mchezo alitegua fumbo la gemu lililotengenezwa Marekani, kwa elimu ya nyota aliyofundishwa na baba yake ndani ya ngalawa. Ukiweka mshale, mlango ule unakuwa nukta kwenye ramani. Utafika, utakuta umefungwa, utagoogle, utasogeza saa, utaingia. Utakuwa umepita palepale nilipopita mimi na hutakumbuka chochote.

Mengine kwa haraka.

Usiwe na sevu moja, yaani faili la kuhifadhi ulipofika. Mimi nilikuwa nayo moja, umeme ukakatika wakati inaandika, faili likafa. Baada ya hapo nikawa na tatu kwa zamu. Zitakusaidia pia siku utakapomuua mtu muhimu, kwa sababu gemu hili halimkingi mtu yeyote: ukimuua wa kwenye unabii litakuandikia kwamba uzi wa unabii umekatika, urudishe sevu au uendelee kuishi katika dunia iliyokwisha haribika. Sikuelewa neno "severed", nikaendelea siku nne nzima. Sentensi hiyo ikitokea, rudi nyuma hapohapo.

Caius akikuambia bado hujakomaa, ukazunguke kwanza upate uzoefu, anamaanisha. Jiunge na chama cha wapiganaji au cha wachawi, fanya kazi ndogondogo. Ujuzi wako mikuu na midogo ukipanda jumla mara 10, lala, utapanda levo. Kuna watu watakupigia mahesabu ya kupata nyongeza ya 5 kwenye sifa zako kila unapopanda. Kwa mzunguko wa kwanza achana nao.

Beba karatasi mbili za uchawi kila wakati: Divine Intervention itakutupa kwenye madhabahu ya karibu ya dola, Almsivi Intervention kwenye hekalu la karibu. Aliyepotea usiku majivuni na afya imeisha anazijua thamani yake. Baadaye ujifunze Mark na Recall, uchawi wa kuweka alama mahali na kurudi hapo, na kupaa pia, kwa sababu wachawi wa Telvanni wanaishi kwenye minara ya uyoga isiyo na ngazi.

Kama kompyuta yako inasumbua, tumia OpenMW. Ni injini ya bure, inahitaji mafaili ya gemu uliyonunua, na inakwenda vizuri hata kwenye Linux. Ina sehemu ya kuongeza umbali wa kuona. Usiongeze sana mara ya kwanza. Ule ukungu ndio unaokufanya uogope kutoka njiani, na kisiwa kinaonekana kikubwa kwa sababu huoni mlima wa pili.

Kwa leo fanya hivi. Funga ile kurasa ya modi. Tafuta daftari, hata lililotumika upande mmoja. Nenda Balmora kwa silt strider, ingia South Wall, uliza. Na siku ukisimama mbele ya ule mlango wa bondeni, rudi kwenye uzi huu uandike ulifika saa ngapi, na ulisubiri wapi.