Mama, usihamie kwenye kochi

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni mama wa watoto wawili, tumepanga chumba na sebule huku Mbagala, nyumba ina wapangaji sita. Kunguni wametushinda, mtoto mdogo anaamka na vipele vimejipanga mstari mkononi. Nimenunua dawa mara tatu kwa wale wanaopita na spika, nalala vizuri siku mbili tatu halafu wanarudi. Godoro nimeanika, kitanda nimepaka mafuta ya taa, wapi. Sasa hivi tumehamia kulala kwenye kochi sebuleni. Mwenye nyumba naona aibu kumwambia, ataniona mchafu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Kwanza kabisa leo hii rudini kitandani. Najua inauma kusikia hivyo ila kunguni anafuata hewa mnayopumua na joto la mwili, mkihama na yeye anahama, wiki mbili zijazo utakua na kitanda chenye kunguni na kochi lenye kunguni, na kochi ndo balaa zaidi maana lina sponji na vitambaa na mbao za ndani ambazo huwezi kuzifikia mpaka ulichane.

Halafu hii ya aibu naomba tuiweke pembeni. Kunguni anakula damu tu, makombo hayamhusu, vumbi halimhusu. Nimefanya kazi ya kupulizia dawa miaka mingi, nimeingia nyumba za vigae vinavyong'aa mpaka unajiona sura na kunguni wamejaa nyuma ya ubao wa kichwani. Wanakuja na begi la safari, na kochi la mtumba, na mgeni. Kinachowanenepesha ni huko kufichana, chumba namba 2 anapuliza kimya kimya Jumatatu, wanapita kwenye ufa wa ukuta wanaenda namba 3, namba 3 naye anapuliza kimya kimya mwezi unaofuata, wanarudi kwako. Wapangaji sita mnalisha kunguni walewale.

Sasa kwa nini wanarudi baada ya siku chache? Mayai. Jike anataga yai moja mpaka matano kwa siku, meupe, urefu kama milimita moja, ameyagandisha kwenye mbao, na dawa nyingi haziyagusi. Yanaanguliwa kama siku 6 mpaka 10. Kwa hiyo ukipuliza mara moja ukashukuru Mungu, umeua wazazi umeacha watoto. Lazima urudie baada ya siku 10 mpaka 14, kabla hao wapya hawajakua na kuanza kutaga, na mara nyingi hata mara ya tatu.

Sababu ya pili ni kwamba dawa zenyewe wamezizoea. Nyingi za dukani ni za jamii moja, zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, haya haya yanayolimwa Mufindi. Dawa ya kwenye neti nayo ni jamii hiyo hiyo. Mwanzoni neti za dawa zilikua zinaua na kunguni, watu wakafurahi, baadae wakaanza kuwaona wanatembea juu ya neti bila wasiwasi, na watafiti walishaandika mwaka 2002 kuhusu kunguni sugu wa namna hiyo kaskazini mashariki ya Tanzania. Neti usiache lakini, ile ni ya mbu na malaria. Ila ikague mishono, wanapenda kujificha kule juu inapofungwa.

Ile dawa ya kwenye chupa ya maji isiyo na lebo usiinunue tena. Hujui ni nini, mara nyingi ni dawa ya shambani imechanganywa kwa macho, na wewe unamlaza mtoto juu yake. Dawa halali ina lebo, jina la sumu, namba ya usajili na kipimo. Na mafuta ya taa hapana, ni kitanda kinachosubiri njiti ya kiberiti.

Joto ndo halijazoeleka. Kunguni na mayai yake wanakufa wakipata nyuzi 50 na kuendelea, hakuna usugu hapo. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi fungua kitanda chote, chaga zitoke nje, chemsha maji yatokote kabisa umwagie kwenye nyufa na matundu ya misumari. Taratibu, usijiunguze, na watoto wakae mbali. Utaona vidoti vyeusi kama mtu amegusa gusa na kalamu ya wino, hicho ni kinyesi chao, na maganda mepesi ya rangi ya chai. Hapo ndo kwao, rudia hapo. Mishono ya godoro pitisha kadi ngumu ya zamani ndani ya ule mkunjo, chini weka beseni la maji ya sabuni, wadondokee humo. Shuka na nguo zichemshwe. Godoro kuanika tu haitoshi kwa sababu wanahamia upande wa kivuli, wewe unageuza na wao wanageuka. Ukipata kava la zipu lisilo na tundu, livalishe na usilivue mwaka mzima, maana mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula.

Nyufa za mbao ziba na gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, fundi seremala yeyote atakupa. Kitanda kisiguse ukuta, kila tendegu liingie kwenye kopo lenye maji ya sabuni, shuka isiburuze chini. Asubuhi angalia makopo, utajua kama bado wapo. Kochi nalo lichunguze hivyo hivyo maana tayari mmelilalia.

Kwa mwenye nyumba nenda na wenzako, hata wawili, msiende kuomba radhi. Mwambieni, "Baba, nyumba imeingiliwa na kunguni, tunataka vyumba vyote vya wapangaji sita vipigwe dawa siku moja na kurudiwa baada ya wiki mbili, tuchangiane." Akikataa anzeni wenyewe, ila siku moja.

SWALI: Sasa boss. Niko bedsitter hapa Nairobi, mende wadogo wamejaa kwa microwave na nyuma ya fridge. Nimespray mpaka nikakohoa.

JIBU: Hao wadogo wenye mistari miwili mieusi shingoni ni wa ndani, si wale wakubwa wa kutoka chemba. Jike anatembea na kifuko cha mayai 30 hadi 40 mkiani mpaka karibu wanaanguliwa, ndo maana wanajaa ghafla. Acha spray, inawatawanya tu. Nunua jeli ya mende, weka vitone vidogo kama punje ya mchele kwa bawaba za kabati na nyuma ya fridge karibu na mota, ndani ya microwave usiweke. Na usispray hapo tena, wataikataa jeli. Usiku funika vyombo, kausha sinki. Maji wanayahitaji kuliko hata chakula.

SWALI: Nimetega sumu ya panya, sasa kitu kinanuka juu ya silingi bodi na sijui kiko wapi.

JIBU: Sumu hizi nyingi zinazuia damu kuganda, panya anakufa siku 3 mpaka 7 baadae, popote atakapokua. Subiri mchana jua likiwaka, nenda pale inzi wanapojazana kwenye dari, toboa hapo. Vaa glavu, mfunge kwenye mfuko, usimpe paka. Safari ijayo tumia mtego, na uzibe tundu la bomba na simenti iliyochanganywa na waya wa kusugulia sufuria.